Kabla ya Kutega, Jifunze Kutegua

Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alinitumia ujumbe wa sauti usiku wa Jumanne. Ana miaka 19. Amemaliza kidato cha nne, amerudi kijijini kwetu, upande wa bara wa Kilwa, ukitoka Nangurukuru kuelekea Njinjo, na ameamua kulima kwa dhati: ekari 2 za muhogo na mahindi, ekari 1 ya ufuta. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekesha.

"Kaka, shikamoo. Nguruwe wamemaliza muhogo wa upande wa bondeni. Nimeshanunua waya za klachi kwa fundi pikipiki, ziko 12. Wewe zamani ulikuwa unatega. Nifundishe basi, Jumamosi nataka niingie kazini."

Rafiki yangu ninayepanga naye chumba Dar es Salaam aliusikia ujumbe ule. Ni kijana mpole, msomi, ana fulana yenye picha ya tembo. Alisema neno moja tu, "Ujangili," akarudi kwenye simu yake.

Haya ninayoandika ni jibu kwa wote wawili. Kwa mdogo wangu, kwa sababu amenunua kitu asichokijua. Kwa rafiki yangu, kwa sababu amehukumu kitu asichokijua. Nasema hivi: kutega ni elimu, na mkulima wa Kilwa anaihitaji elimu hiyo kama anavyohitaji jembe. Lakini waya ule wa klachi si elimu. Na sisi tuliosoma, tunaopiga kelele mtandaoni kila tukiona picha ya tanzi, tumechangia kuifanya elimu ipotee na waya ubaki.

Nianze na rafiki yangu.

Hajawahi kulala kwenye dungu. Dungu ni kibanda cha miti na makuti kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, na humo ndimo mama yangu na shangazi zangu walikolala kila msimu, tangu mahindi yanapobeba mpaka yanapoingia ndani. Mchana ni zamu ya watoto, kuamia ndege na kufukuza tumbili. Usiku ni zamu ya watu wazima. Silaha ni debe bovu na kijiti, moto ulioachwa ukifuka moshi, na kamba yenye makopo iliyozungushwa shambani, ukiivuta inalia. Nguruwe mwitu husikia makopo usiku wa kwanza, hukimbia. Usiku wa pili husimama kwanza, husikiliza. Usiku wa tatu wanakula.

Wanakuja kwa familia, dume, majike na watoto. Nguruwe mmoja aliyekomaa anaweza kupita kilo 60, na pua yake ni jembe. Anachimbua shina la muhogo, anakula kiazi kimoja au viwili, anahamia shina linalofuata. Asubuhi unakuta mstari mzima umelala chini, majani bado mabichi. Muhogo ule ulikaa ardhini mwaka mzima. Ndio uliokuwa ada, ndio uliokuwa chakula cha miezi ya njaa. Nyama yake kwetu ni haramu, kwa hiyo hakuna anayemtafuta kwa ajili ya sufuria. Anastawi.

Na dungu lina hatari nyingine. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui. Walihesabu watu 563 waliouawa na simba nchini Tanzania tangu mwaka 1990, na zaidi ya 300 waliojeruhiwa. Hawakuwa watalii. Wengi walikuwa watu wa ukanda huu wa kusini mashariki, Lindi ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Watafiti waligundua jambo ambalo bibi yangu angewaambia bure: mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno, watu walipokuwa wakilala mashambani, na penye nguruwe wengi ndipo penye hatari kubwa. Simba anamfuata nguruwe. Nguruwe anaufuata muhogo. Mama yangu naye yuko palepale, anaulinda muhogo huo.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kutega nguruwe ni ukatili, namuuliza: ukatili huo unaulinganisha na nini? Unadhani mbadala wake ni amani? Mbadala wake ni mwanamke wa miaka 50 mwenye debe.

Sheria nayo inamwambia nini mwanamke huyo? Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inataja sumu, nyavu, mashimo, mitego na matanzi miongoni mwa njia haramu za kuwinda. Sheria hiyohiyo haimhesabu mkosaji mtu aliyemuua mnyama katika kulinda uhai au mali. Ukizisoma pamoja, sehemu hizo mbili zinamweka mkulima mahali pa ajabu. Ana haki ya kulinda shamba lake, ila bunduki hana, na mtego hauruhusiwi mpaka mwenye mamlaka aseme. Haki ipo, chombo cha kuitumia hakipo.

Atafidiwa basi? Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za mwaka 2011 ziliweka shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari iliyoharibiwa, kutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa. Lakini hizo zilikuwa kwa wanyama hatari: tembo, kiboko, nyati, simba na wenzao. Nguruwe hakuwemo. Tumbili hakuwemo. Kwa lugha ya kanuni hizo, muhogo wa mdogo wangu haukuharibiwa na mtu yeyote wala kitu chochote.

Na jambo hili lina umri kuliko sote. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri za uwindaji zilizodai vibali na kutenga hifadhi, mojawapo kando ya Rufiji. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri aliandika mwaka 1997 kuhusu njaa na nguruwe mwitu huko Uzaramo. Anaeleza jinsi wanaume walivyoondolewa vijijini na kodi na vibarua, uwindaji wa pamoja ukavunjika, nguruwe wakaingia mashambani, na mzigo ukawaangukia wanawake. Sisi watu wa Kilwa tunapenda kujivunia kwamba Majimaji ilianza kwetu, Umatumbini, Nandete, Julai 1905, kwa kung'oa pamba. Tunasahau kwamba katika ahadi zilizotajwa za maji ya Kinjikitile, kugeuza risasi haikuwa peke yake. Kulikuwa pia na kinga ya mashamba dhidi ya nguruwe. Watu walikwenda kuchukua dawa ya nguruwe! Anayeona suala la nguruwe ni dogo, la wajinga wa porini, na asome historia ya nchi yake upya.

Hayo ni ya rafiki yangu. Sasa nije kwa mdogo wangu, na hapa sitakuwa mpole.

Nilikuwa na miaka 13 nilipotega mara ya kwanza. Hakuna aliyenifundisha. Niliona wakubwa wakifanya, nikadhani nimejua. Nilichukua waya wa breki za baiskeli, nikaufumua, nikapata matanzi 6. Niliyatega kwenye vijia vya wanyama pembeni ya shamba la Babu, kila tanzi nikalifunga kwenye mti mdogo. Siku mbili nilikwenda kuangalia, hakuna kitu. Siku ya tatu tukaitwa arusini Kilwa Kivinje. Kulikuwa na pilau, ngoma, baharini kuogelea, binamu nisiowaona mwaka mzima. Nikasahau kabisa.

Siku ya saba niliporudi, tanzi la kwanza lilikuwa na mbawala jike. Sitaeleza yote. Nitasema tu kwamba ardhi ilikuwa imechimbwa duara kuzunguka ule mti, gome la mti limeliwa mpaka ndani, na kwamba hakufa siku ya kwanza. Wala ya pili. Alikuwa ananyonyesha.

Nilimwita Babu kwa sababu niliogopa kumgusa. Babu alikuja, akasimama muda mrefu. Alikuwa mvuvi kabla ya kuwa mkulima, miaka mingi ya dema huko Kivinje, na si mtu wa maneno mengi. Akaniuliza, "Umetega mingapi?" Nikasema 6. Akasema, "Kategue." Nilizunguka mpaka magharibi. Nilipata 5.

Ule wa sita sikuupata. Tulirudi kesho yake pamoja, na kesho kutwa. Nyasi zilikuwa zimepanda, na mimi sikuweka alama yoyote. Yule mbawala tulimzika, maana alikuwa kibudu, hana faida kwa mtu. Babu akaniambia neno ambalo sikulielewa siku ile: "Wewe hujui kutega. Asiyeweza kutegua hajui kutega."

Nina miaka 31 sasa. Waya wa baiskeli hauozi upesi. Kila nikienda nyumbani nikapita njia ile, nautafuta kwa macho ule wa sita.

Mdogo wangu, wewe una 12.

Waya una sifa tatu zinazoufanya uwe mwalimu mbaya kuliko wote. Wa kwanza, ni rahisi kupatikana. Wa pili, hauchagui. Ukiutega kwa ajili ya nguruwe utakamata mbawala, paa, mbwa wa jirani, mbuzi wa shangazi, na mtoto anayekwenda kisimani atajikwaa nao. Utamkamata hata chui, na huyo ndiye anayekula nguruwe wengi kuliko sisi sote. Kila chui anayekufia kwenye waya ni mlinzi wa shamba aliyeondolewa zamu, asiyelipwa mshahara wala kudai. Unatega waya ili upunguze nguruwe, na waya unaua adui wa nguruwe.

Sifa ya tatu ndiyo mbaya zaidi: waya hufanya kazi wewe ukiwa haupo. Hilo ndilo linalowavutia vijana. Unatega, unakwenda kuangalia mpira, unalala. Mtego unakesha badala yako. Lakini mtego unaokesha peke yake unaua peke yake, na mwenye kosa hayupo pale kuona. Kule Serengeti, tangu 2017 kuna vikosi ambavyo kazi yao ya kila siku ni kutembea porini na kung'oa nyaya, na wameng'oa maelfu kwa maelfu. Fikiri kila waya mmoja ulikuwa na mtu aliyejua alipoutega, halafu akaenda arusini.

Na wale wanaotega kwa ajili ya kuuza nyama, nyaya 50 kwa mpigo, kisha wakikamatwa wanasema "njaa", wasijifiche nyuma ya mama yangu. Mama analinda shamba lake, wao wanavuna pori lisilo lao. Tukichanganya watu hawa wawili katika neno moja, "jangili", tunamdhulumu mmoja na kumpa mwenzake kisingizio.

Babu alikuwa na kipimo chake, nacho ni dema. Kwa msomaji wa bara: dema ni mtego wa samaki uliosukwa kwa fito za mianzi, una mlango mpana kwa nje, mwembamba kwa ndani. Samaki huingia, hawezi kutoka, lakini hakabwi. Yu hai. Mvuvi akilivua dema anaona kilichomo, anachukua anachotaka, na asichotaka anakirudisha majini kikiwa hai. Anafunga chelezo juu ili ajue lilipo, na analikumbuka kwa kulinganisha mnazi wa pwani na kilima cha nyuma yake. Mvuvi anayepoteza dema anajua kwamba litaendelea kukamata bila mwenyewe, na anaona aibu. Watu hawa hawakusoma maadili ya wanyama chuoni. Lakini ndani ya kazi yao mna mambo matatu: mtego unaoshika bila kuua, mwenye mtego anayerudi, na alama ya kuupatia. Mtego wowote wa nchi kavu uliokosa hayo matatu, Babu hakuuita mtego.

Dunia nayo imefika hapohapo kwa njia ndefu. Huko Marekani kijana akitaka kuanza kutega coyote, mnyama anayefanana na mbweha wetu, au raccoon, yule mwenye barakoa nyeusi usoni anayeiba mahindi na kuvunja mabanda ya kuku, anaanza na leseni, na katika majimbo mengi anaanza darasani. Anafundishwa kutambua nyayo kabla ya kugusa chuma. Mahali pengi sheria inamtaka aandike jina lake kwenye mtego na aukague kila siku. Uingereza ilipiga marufuku mtego wa meno ya chuma mwaka 1958. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria dhidi ya mitego ya kubana mguu mwaka 1991, na baadaye ukakubaliana na Canada na Urusi juu ya viwango vya mitego, coyote na raccoon wakiwa katika orodha. Sisemi wenzetu ni malaika. Wengi wao wanatega kwa ajili ya ngozi ya kushonea makoti, na wanagombana wenyewe kwa wenyewe juu ya ukatili mpaka leo. Ninachosema ni kwamba wao wanagombana juu ya mtego upi, ukaguliwe lini, na nani afundishwe. Sisi tuna mjadala wa neno moja, kisha kimya. Na katika kimya hicho mtoto wa miaka 13 anafumua breki ya baiskeli.

Basi, mdogo wangu, uliuliza namna ya kuanza. Anza hivi.

Anza bila mtego. Wiki moja, kila alfajiri, zunguka shamba usome ardhi. Jua anaingilia wapi, anatokea wapi, ni wangapi. Jua ni nani. Kuku wakiibiwa, usimsingizie nguruwe wala usitege tanzi la fungo: kicheche, kanu, nguchiro na fungo wote hushindwa na banda lililoinuliwa, lenye sakafu isiyo na tundu na mlango unaofungwa kabla ya magharibi. Mitego mingi inayotegwa kwa ajili ya wezi wa kuku ni uvivu wa kujenga banda.

Pili, nenda ofisi ya kijiji kabla hujakata fito hata moja. Andika barua: shamba liko wapi, kimeharibika nini, unaomba kujenga boma la kunasia nguruwe ndani ya shamba lako. Mwombe mwenyekiti na mtendaji waipitishe mpaka kwa afisa wanyamapori wa wilaya, na usitege mpaka jibu litoke. Najua utacheka. Najua jibu linaweza kuchelewa kuliko mavuno. Lakini barua hiyo ndiyo tofauti yako na mtu wa nyaya 50. Tena mnyama aliyeuawa kwa kulinda mali ni nyara ya serikali. Ukinyamaza, ukauza, umehama upande.

Tatu, ruhusa ikipatikana, jenga dema la nchi kavu. Boma la duara la miti migumu, refu kufika kifuani, nguzo zikizama ardhini nusu mita, maana pua yake ni jembe. Mlango mmoja, wa ubao, unaodondoka kutoka juu ukishikiliwa na kamba na kifyatuo kilicho ndani kabisa, mbali na mlango.

Nne, na hapa ndipo vijana wote hushindwa: weka chambo, usitege. Mahindi yaliyolowekwa, usiku wa kwanza nje ya boma, kisha mlangoni, kisha ndani. Ufunge mlango wazi kwa kamba imara usidondoke hata upepo ukivuma. Waache waingie na kutoka bure, siku 7, siku 10. Nguruwe ni mwerevu. Ukimnasa mmoja wa familia, waliobaki wamesoma, hutawaona tena humo. Ngoja mpaka waingie wote. Kutega kunaonekana ni ujanja wa mikono, kumbe sehemu kubwa ni kusubiri. Mtu asiyeweza kusubiri siku 10 hafai kuachiwa mtego.

Tano, siku utakayotega, usiondoke. Hakuna arusi, hakuna mpira. Alfajiri uwe pale, ukiwa na mtu mzima aliyeagizwa na kijiji na mwenye uwezo wa kummaliza mnyama haraka. Akiingia mbawala, fungua mlango usimame kando. Usimkaribie nguruwe aliyefungiwa, na usimshike mnyama yeyote aliyenaswa kwa mkono mtupu. Mikoa yetu ya Lindi na Mtwara ina kichaa cha mbwa, na utafiti uliochapishwa 2021 umeonesha kwamba huku kusini mbweha nao wamo sana katika mlolongo wa ugonjwa huo, si mbwa peke yao. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo uombe chanjo. Dalili zikishatokea, hakuna dawa.

Sita, kazi ikiisha, tegua. Mlango uutoe kabisa, uupeleke nyumbani. Boma tupu lisilo na mlango ni ua tu. Boma lenye mlango lisilo na mtu ni waya wa sita.

Na ninyi wasomi wenzangu, msidhani mmesalimika. Tunayo maafisa ugani wanaofundisha nafasi za mistari ya ufuta na kiasi cha dawa ya korosho. Ni nani anayefundisha namna ya kuzuia nguruwe? Boma kama hilo, likiwa mali ya kijiji, likiwa na kibali, daftari la ukaguzi na mtu mmoja anayewajibika, lisingegharimu zaidi ya nguvu za watu na mbao chache. Lingepunguza usiku ambao kina mama wanalala porini. Lingempa kijana mahali pa kujifunza mbele za watu, mchana, badala ya kujifunza kwa kuiba usiku. Ukitaka nyaya zipungue Kilwa, usiishie kutuma picha ya mnyama aliyekatika shingo na maneno ya laana chini yake. Mwandikie mbunge wako, diwani wako, mwenye dawati wizarani, uulize swali dogo: mkulima asiye na bunduki alinde mali yake kwa nini? Liulize mpaka lijibiwe.

Niliyasema haya yote kwa mdogo wangu kwa simu, siku ya Jumatano, na muda wa maongezi ukaniishia katikati. Alinyamaza muda. Kisha akasema, "Kaka, hiyo kazi ndefu." Nikamwambia ndiyo. Akauliza kwa nini zamani sikumwambia habari ya mbawala. Sikuwa na jibu zuri. Niliona aibu, na aibu isiyosemwa haimfundishi mtu.

Jumamosi hakuingia kazini na waya. Alinitumia picha ya barua aliyoandika kwa mkono, herufi kubwa kama za mtihani, na muhuri wa kijiji pembeni. Jibu la wilaya bado. Wiki iliyofuata akatuma nyingine: miti aliyoikata shambani mwake, imepangwa kwa urefu, haijasimamishwa. Pembeni kidogo, penye udongo laini, rundo la mahindi yaliyolowekwa, limeliwa nusu, na kwato nyingi, kubwa na ndogo, zimeingiliana.

"Wanakula bure tu, kaka," alisema. "Inauma."

"Waache wale," nikamwambia. "Na zile waya 12 ziko wapi?"

Akacheka. Akasema amezihesabu jana, ziko 12, zimening'inia juu ya mlango wa jiko la mama yake, mahali ambapo kila mtu anaziona.